Paa Linaloonekana Kutoka Kilimani

Vumbi la barabara hii ni jekundu, mwanangu, na lina kumbukumbu kunishinda. Linashika unyayo mpaka mvua ije kuufuta. Leo limeshika nyayo za watu mia mbili, na zangu zimo. Zako hazimo.

Tunatembea. Tumeanzia kijiji ulikoolewa, tutaishia kwetu, mwendo wa saa nne kwa miguu yangu. Muuguzi wa zahanati ametangulia na kipaza sauti. "Tunachangia nyumba!" anasema. "Vyumba vitatu, na komeo la ndani! Mwanamke anayepigwa awe na pa kukimbilia!"

Pa kukimbilia. Maneno hayo yamenichoma.

Binti yako amenishika mkono. Amekua, mwanangu. Ana vidole vyako, virefu, vya kushona. Jana alinipigia viatu brashi bila kuambiwa. Njia nzima anatembea upande wa magari, mimi ananiweka upande wa majani.

Mimi ni mtu wa kuona wema. Nauona hata ukiwa mdogo kama punje ya mtama. Dereva wa lori amepunguza mwendo asitutimulie vumbi, nimemwona. Fundi baiskeli ametoka na ndoo ya maji na kikombe kimoja, anakisuuza kwa kila anayekunywa, nimemwona.

Penye mashine ya kusaga, mwanamume aliyekalia gunia akatupigia kelele: "Wote mko barabarani, nyumbani anapika nani?"

"Mwenye njaa!" akajibu mama mmoja nyuma yangu. "Kwani mikono huna, baba?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka.

Mikono. Mumeo alikuwa na mikono ya adabu. Nilipokufikisha kwake, alinipokea mzigo kwa yote miwili. "Shikamoo, mama. Pole na njia." Akanifutia kiti kwa shati lake. Niliuona wema huo, mwanangu, niliuona wote. Sikukuona wewe, umesimama nje, tepe ya kupimia ingali shingoni, mguu umegoma kuvuka kizingiti.

Mara ya kwanza ulikuja na begi. Nikakukanda shavu kwa maji ya moto, nikakupikia, nikakuambia hakuna nyumba isiyo na moshi. Asubuhi nikakurudisha.

Mara ya pili ulikuja na mtoto mgongoni. Nikakuambia, vumilia kwa ajili ya huyu. Nikakurudisha, na jogoo nikambebea mumeo, wa kuomba radhi. Radhi ya kosa gani? Jogoo alilia njia nzima. Wewe hukulia.

Mara ya tatu ulikuja peku. Nikakupa viatu vyangu. Nikakurudisha.

Na kila mara nilirudi peke yangu, nimeinama, macho vumbini, nikikwepa kuzikanyaga nyayo zako.

Mara ya nne hukuja kwa miguu. Walikuleta, umefunikwa shuka. Na mtoto wakaniwekea mapajani, amelala, hajui.

"Bibi," akaniuliza leo mtoto huyohuyo, "kumbe mama hakuwa na pa kukimbilia?"

Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu, na mkono ule ungebaki mkononi mwangu mpaka siku yangu ifike. Miaka kumi na minne nimeishi ndani ya kimya hicho kama ndani ya nyumba.

"Alikuwa napo," nikasema. "Alikuja kwangu. Mara tatu. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Akasimama. Watu wakatupita kulia na kushoto, kama maji yanavyopita jiwe.

"Wewe, Bibi?"

"Mimi."

"Na uso wake uliuona?"

"Niliukanda."

Akaniachia mkono. Hakuutupa. Aliushusha taratibu, kama mtu anavyotua kikombe kilichojaa. Hata hapo nikauona wema, ee mwanangu, hata hapo. Kisha akaenda, na vumbi likala mgongo wake.

Nikatembea. Mama yule aliyejibu penye mashine akaja akanishika kiwiko. "Umechoka, bibi? Tukubebe?" Nikamwambia miguu haina neno. Hakuuliza ni nini chenye neno. Alinishika tu, mpaka mwanzo wa kilima.

Kilima unakijua. Ukikimaliza, kijiji chetu kiko chini yako. Binti yako alikuwa kileleni, amesimama, amenipa mgongo. Nikapanda pole pole, pumzi ikanikimbia, nikafika. Nikatazama alikokuwa anatazama.

Bati la nyumba yangu. Bati uliloniezekea wewe, kwa jasho la cherehani yako, kabla hujaolewa. Jua lilikuwa limelipiga, nalo lilikuwa linawaka peke yake kati ya mapaa yote.

Sikujua. Mara tatu nilipita hapa nimeinama, na sikujua kwamba linaonekana kutoka mbali hivi.

"Alikuwa analiona," akasema binti yako. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kila alipofika hapa, alikuwa analiona."

"Ndiyo."

"Akasema, nimepona."

Nina maneno ya kukanda, ya kubembeleza, ya kurudisha. La pale sikuwa nalo.

Hakunishika mkono. Alishika pindo la nguo yangu, kwa vidole viwili, kama zamani alipokuwa anajifunza kutembea, akaanza kuteremka. Nikamfuata.

Nikageuka mara moja tu. Vumbi lilikuwa limetua, jekundu, kimya. Nyayo za watu mia mbili zilijaa barabara, na zote, mwanangu, zote zilikuwa zimeelekea nyumbani. Nikainama juu ya vumbi hilo, mimi mtu mzima, nikatafuta kati ya viatu vyote hivyo unyayo mmoja wa peku.