Sauti ya Kutuliza Abiria

"Mabeseni mawili kwa bei ya moja, wateja wetu wapendwa! Beseni imara, halipasuki, halipauki! Karibuni ndani mjionee!"

Kipaza alikuwa akirudia maneno hayo tangu asubuhi, amesimama juu ya kreti la soda lililopinduliwa mbele ya duka la vyombo vya plastiki, maiki mkononi, jua likimpiga utosini. Mwenye duka, mwanamume wa rika la kifunguamimba wake, alitoa kichwa mlangoni.

"Mama, changamka basi! Unauza mabeseni au unatangaza msiba?"

"Nanywa maji kidogo, baba, naendelea sasa hivi."

"Maji utakunywa ukitoka."

Na alikuwa akimwambia nani maneno hayo? Alikuwa akimwambia mwanamke aliyewakaribisha watu ndani ya ndege za shirika karibu miaka thelathini. Ndege ikiingia mawinguni ikaanza kurukaruka, vikombe vikamwagika, wanaume wazima na tai zao wakaanza kutubu kwa sauti, yeye alikuwa akinyanyua ile simu ya ukutani na kusema polepole, "Ndugu abiria, hakuna sababu ya wasiwasi. Tafadhali kaeni kwenye viti vyenu na mkaze mikanda." Watu wanatulia tuli. Mwenyewe alikuwa akiogopa kama wao, lakini nani atamjua kwa sauti ile? Rubani akisema watulize, unatuliza. Humuulizi mtikisiko utaisha lini. Kazi hiyo aliiweza barabara, ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Kipaza, na likamganda.

Mchana aliomba ruhusa. Mwenye duka akamkata ujira wa nusu siku papo hapo, bila haya.

Pacha alikuwa akimsubiri kivulini, ameegemea fimbo. Hawakuwa ndugu hata kidogo. Toroli la chakula ndani ya ndege hushikwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, na mmoja wao lazima aende kinyumenyume. Huyo hana macho kisogoni. Anamtegemea mwenzake amwambie hapo nyuma pana mguu wa mtu, pana mtoto, pana mkoba. Pacha ndiye aliyekuwa akienda kinyumenyume, na Kipaza ndiye aliyekuwa macho yake, mpaka wafanyakazi wote wakawa wanawaita pacha. Mmoja akabaki na jina hilo.

Sasa nyonga ya Pacha ilikuwa imekwisha. Daktari alimwambia iko ya bandia, itawekwa, atatembea, ila hospitali haishiki kisu kabla ya kushika fedha. Na asikawie, maana akikawia ni kiti cha magurudumu mpaka kaburini. Fedha pekee aliyokuwa nayo duniani ni pensheni yake, nayo ilikuwa mikononi mwa watu anaokwenda kuwaona leo.

"Umekula?" Kipaza alimuuliza.

"Nimekula maneno ya mkwe wangu. Nimeshiba mpaka kesho."

"Kasema nini tena?"

"Eti mimi si mama mkwe, mimi ni mpangaji nisiyelipa." Pacha alicheka, kisha akauma mdomo kwa maumivu. "Twende, shoga. Leo nataka kuwaona usoni."

Walikwenda polepole, Kipaza akimshika kiwiko. Njia nzima alikuwa akiwaza deni lake kwa Pacha. Lilikuwa deni la zamani. Uvumi ulipoanza kuwa shirika linayumba, Pacha alikuwa wa kwanza kuomba fedha zake zitoke kwenye mfuko wa pensheni mapema, na sheria wakati huo ilimruhusu. Wengi walikuwa mbioni kumfuata. Ndipo mkurugenzi alipomwita Kipaza ofisini, akamvutia kiti, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada yangu, wewe ndiye sauti ya shirika hili," alimwambia. "Wakisikia kwangu watabisha. Wakisikia kwako watatulia. Waambie mfuko uko salama."

"Uko salama kweli, mkubwa?"

"Sasa wewe unaniuliza mimi swali kama hilo?"

Kipaza aliona aibu kwa kuuliza. Akaenda kantini, akasimama juu ya benchi, akasema kwa sauti ileile: hakuna sababu ya wasiwasi, kaeni kwenye nafasi zenu. Jioni hiyohiyo Pacha alikwenda kufuta ombi lake. "Kama ni wewe unayesema, mimi nakaa," alisema. Haukupita mwaka, wadai wakazikamata ndege uwanjani, mageti yakafungwa. Ikajulikana kwamba fedha za mfuko zilikuwa zimekopeshwa shirika lenyewe zikanunuliwa mafuta, na kwamba mkurugenzi na wakubwa wenzake walikuwa wameshachota za kwao kimyakimya, mwezi uleule wa chai. Washenzi wale! Kipaza alilia mpaka macho yakavimba. Pacha hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa hoteli, zulia jekundu, feni zinazunguka bila kuleta upepo. Kulia walikaa wadai wa shirika, watu wa mabenki na wa kampuni za mafuta, suti tupu, safu mbili hazijajaa. Kushoto walikaa wastaafu, ukumbi umefurika: marubani wenye mvi, mafundi wa injini, wapakia mizigo, wahudumu wa kike waliovaa skafu za shirika zilizochujuka. Maji ya chupa yalikuwa mezani mbele, kwa wakili na mfilisi tu, yule aliyekabidhiwa mali za shirika lililoanguka.

Wakili alikuwa kijana mpole wa maneno. Alieleza kwamba mfuko unafungwa rasmi. Kila mstaafu atapewa malipo madogo ya mkupuo mmoja, na madai yake yote yatakuwa yamekwisha hapo. Aliposema kiasi chenyewe, watu walidhani wamesikia vibaya. Kingetosha jozi ya viatu, vya mtumba.

"Tutapiga kura," alisema wakili. "Kura ni ya waliomo ukumbini. Kila mtu na mkono wake."

"Basi tumewashinda," Pacha alinong'ona. "Tazama walivyo wachache."

Kipaza aliitikia kwa kichwa, huku akimtafutia mahali pa kuegemeza fimbo.

Lakini kura haikupigwa. Kwanza yalikuja maelezo, na baada ya maelezo ufafanuzi. Mzee mmoja, fundi wa injini, alisimama.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Fedha yangu mlimkopesha nani, na nani alikuruhusuni?"

"Mzee wangu, swali lako ni zuri sana," alisema wakili. "Lakini haliko kwenye ajenda."

"Mke wangu kafa nasubiri ajenda!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama, wengine wakalia, mpakia mizigo mmoja akavua kiatu akawa anapiga nacho kiti. Mfilisi, mtu mnene aliyekuwa kimya muda wote, aliinama akamwuliza wakili jambo, kisha akamwashiria Kipaza kwa kidole. Kipaza alikwenda. Hata leo, akiitwa na mkubwa, miguu yake ilikwenda yenyewe.

"Wewe ndiye Kipaza? Nimesikia habari zako," mfilisi alisema, na kumwekea maiki isiyo na waya kiganjani. "Watulize hawa wazee, mama. Waambie wakae, tumalize salama. Pensheni yako wewe tutaitazama kwa jicho jingine. Yote, unanielewa?"

Alisema kwa upole. Akamsogezea na chupa ya maji.

Kipaza aliitazama ile chupa. Tangu asubuhi alikuwa na kiu. Kisha aligeuka akawatazama wenzake, na wao, kumwona ameshika maiki, walikwishaanza kunyamaza. Walikuwa wanamngoja. Baada ya yote yale, bado walikuwa wanamngoja awaambie la kufanya! Hasira ilimpanda kutoka unyayoni. Kwake ukumbi ule ulikuwa kama ndege inayofuka moshi, na mwenye kazi yake akiona moshi hakai kitako kujadili. Anatoa watu. Mkutano bila watu, aliwaza, si mkutano tena, na wale wa suti wabaki wavipigie viti kura.

"Fungueni mikanda!" alipiga kelele. "Acheni mizigo! Tokeni! Tokeni!"

Walisimama kabla hawajaelewa. Kila mwaka walifanyishwa zoezi lile la kutoka ndani ya ndege inayowaka, mwaka hadi mwaka, mpaka likaingia kwenye mifupa. Wahudumu wawili waliruka kwenye milango na kunyoosha mikono kuonyesha njia. Hakuna aliyesukumana, hakuna aliyeinama kuchukua mkoba. Mikoba, kofia na makoti vilibaki vimezagaa kati ya viti, na ukumbi ukamwagika nje kwa muda mfupi ajabu. Kipaza alitoka mbele yao, maiki ingali mkononi, anaita, "Huku! Huku!"

Walikusanyika mwisho wa maegesho ya magari, upande unakotoka upepo, kama walivyofundishwa. Kisha wakaangaliana, wakapasuka kucheka. Yule fundi wa injini alimkumbatia Kipaza akamwinua.

"Umewaweza, dada! Umewaweza! Waache wakutane na zulia!"

Kipaza naye alicheka, machozi yakimtoka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kantini alijiona amelilipa lile deni. "Haya, hesabianeni," alisema, maana ndivyo zoezi linavyoisha.

Wakaanza kuhesabiana, kila mmoja akimtafuta wa jirani yake. Kipaza aligeuka kumtafuta wa kwake. Pacha hakuwepo.

Mkubwa wa wahudumu wa ndege, kama alivyokuwa yeye, hatoki kwanza. Hata anayesafisha vyoo vya ndege analijua hilo. Anarudi nyuma, anaangalia kila safu mpaka kiti cha mwisho, ndipo anatoka.

Alikimbia. Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa, na mlinzi wa hoteli amesimama mbele yake.

"Nifungulie, mwanangu. Kuna mgonjwa ndani."

"Kura inapigwa, mama. Nimeambiwa aliyetoka ametoka."

"Kura gani? Watu si tuko nje wote!"

"Mimi nimeambiwa hivyo tu," alisema mlinzi, akatazama chini.

Mlango ulikuwa na kioo kirefu. Kipaza alibandika uso. Kulia, suti zote zilikuwa mikono juu. Mfilisi alikuwa anatazama saa. Kushoto, katikati ya viti vitupu na mikoba ya wenzake, alikaa Pacha peke yake.

"Wanaopinga?" sauti ya wakili ilisikika kwenye vipaza sauti.

Pacha aliinua mkono.

"Mmoja. Asante. Pendekezo limepita."

Suti zikasimama, zikapeana mikono, zikatoka kwa mlango wa mbele. Mfilisi alichukua ile chupa ya maji ambayo haikuguswa, akaifungua, akanywa akiwa anatembea. Watumishi wa hoteli waliingia na kuanza kupandanisha viti kwa kelele, safu moja baada ya nyingine, maana jioni palikuwa na harusi. Mkono wa Pacha ulikuwa bado juu. Hakuna aliyekuwa anauandika.

Baadaye aliushusha. Alitafuta fimbo, akajivuta akasimama. Mbele yake viti vilikuwa vimepandanishwa hadi kifuani, hapapitiki, wala pa kugeukia hapakuwa. Akaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kama zamani, uso wake ukitazama kule mlangoni alikokuwa Kipaza.

Nyuma ya kisigino chake palikuwa na mkoba, mkanda wake umetanda njiani.

Kipaza alinyanyua maiki. "Pacha, nyuma yako!" alisema. "Simama, shoga, nyuma yako pana mkoba!"

Maiki ilikuwa imezimwa. Alipiga kioo kwa kiganja, akapiga tena. Ndani, viti vilikuwa vinagongana, na Pacha alimtazama, akatabasamu kidogo, akarudisha mguu nyuma.