Fundi Saa na Nyota ya Sita

Fundi saa alikuwa na kiburi cha jicho moja, la kulia. Ndilo lililobana lenzi tangu ujana wake, ndilo lililosaka skrubu zilizoangukia kwenye nyufa za meza, na ndilo, kwa maneno yake mwenyewe, lililolisha na kusomesha nyumba nzima. La kushoto alilihesabu kama abiria tu. Kazi ikianza, analifumba.

Kwa hiyo binti yake alipomwambia akapimwe macho, alinuna siku nzima. Binti hakuwa amelitoa hewani. Mteja mmoja alikuwa amerudisha saa iliyofungwa mshale wa dakika ukiwa umepinda, na mwingine alikuta unywele umelala ndani ya kioo. Wa mvi, tena.

"Baba, wakuangalie tu. Kama ni mtoto wa jicho, si hutolewa?"

"Mwenye macho haambiwi tazama," fundi akajibu, na angekomea hapo mambo yangekwisha. Lakini mdomo wake haujawahi kujua pa kukomea. Alikuwa na darubini kuukuu aliyoinunua mnadani na kuisafisha mwenyewe, basi akala kiapo mbele ya mkewe na bintiye kwamba kwa jicho hilo hilo wanalolisema angeipata asteroidi, moja ya yale mawe makubwa yanayolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. "Nikiipata, jicho langu msilitaje tena humu ndani. Nikiikosa, nipelekeni hata kwa daktari wa ng'ombe."

Binti alitafuta kwenye simu. Mwezi ule moja ilikuwa ikipita karibu na nyota fulani nyekundu, ikionekana mara tu giza linapoingia. Ila kwenye darubini haionekani kama jiwe. Ni kinukta kama vinukta vingine, na kinachoitambulisha ni kimoja tu: nyota hukaa, asteroidi huhama. Unachora leo, unachora siku nyingine, unalinganisha.

Jioni ya kwanza fundi alipanda juu ya paa, akabandika jicho la kulia, akachora vinukta vitano kuizunguka ile nyekundu. Kisha mawingu yakaziba siku kadhaa. Anga ilipofunguka, benzini ya kusafishia saa ilikuwa imemrukia jicho la kulia mchana ule, likawa linatoa machozi tu. Akamtumia abiria, shingo upande.

Vinukta vilikuwa sita.

"Mgeni kaja!" alipiga kelele hadi majirani wakafungua madirisha. "Jamani, mgeni kaja!"

Mkewe alipanda huku akijifuta mikono, akachungulia. "Haya, nimekiona. Ndiyo makelele yote haya?"

Binti alichungulia pia, akamkumbatia baba yake. "Yaishe, baba. Sitakusema tena."

Fundi alishuka ngazi utadhani hilo jiwe alilichonga yeye. Kesho yake kila mteja aliyeingia dukani alisimuliwa, pamoja na mmoja aliyekuja kuuliza njia.

Angetosheka na ushindi huo, lakini alitaka kuiona ikitembea. Alipanda tena, akachora, akalikuta jiwe lake palepale. Jioni iliyofuata, palepale. "Jiwe gani hili limechoka safari mapema hivi?" alinung'unika. Na kwa kuwa jicho la kulia lilikuwa limepona, aliamua kumwita mwenye kazi yake.

Nyota ya sita ikatoweka.

Alifuta lenzi. Haikuwapo. Akaweka jicho la kushoto, ikarudi. La kulia, haipo. La kushoto, ipo. Alifumba na kufumbua mara nyingi, mwanzoni kama mchezo, mpaka mchezo ukaisha. Ile nyota hafifu ilikuwapo tangu jioni ya kwanza. Jicho lake la kazi ndilo lililoshindwa kuiona.

Aliogopa. Fundi saa asiye na jicho ni mtu aliyekaa dukani kukwepa jua. Na hakuna aliyejua. Dau alikuwa ameshinda, angenyamaza tu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafikiria kunyamaza kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa kukiri, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Nyani haoni kundule," alijiambia. "Na huyu amenunua na darubini kabisa."

Akawaita mkewe na bintiye. "Ile nyota haijahama," alisema. "Aliyehama ni mimi, kutoka jicho hili kwenda hili. Hili la kulia haliioni."

Mkewe alizichukua karatasi zote, akazisogeza kwenye taa, akazitazama kama mtu anayelinganisha vipande vya kitambaa kabla ya kushona.

"Na hiki? Siku ya kwanza umekiweka chini ya nyekundu. Leo kiko ubavuni."

"Hicho nilijua ni mkono umetetemeka."

Mkewe aliinama kwenye darubini. "Mbona hata huku kiko ubavuni?"

Binti alikuwa ameshafungua simu. "Baba! Ndiyo hii! Umeichora tangu siku ya kwanza, na kwa jicho hilo hilo bovu!"

Walicheka wote watatu mpaka fundi akashika ukuta. Kisha mkewe akamtazama. "Basi umeshinda kweli. Ahadi ni ahadi. Jicho lako hatulitaji tena."

Fundi alichungulia mara nyingine kwa jicho la kulia. Asteroidi ilikuwapo. Pale penye nyota ya sita palikuwa peusi tupu.

Asubuhi wateja walikuta duka limefungwa, na mlangoni kipande cha boksi kimeandikwa kwa herufi kubwa kubwa: FUNDI AMEKWENDA KUTIBIWA JICHO. ALIYECHUKUA SAA YAKE MWEZI HUU, AIRUDISHE.