Bei ya Kukatiwa Nyasi

Jumamosi ya pili ya Juni, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Clement Askew alifungua mlango wa gereji, akasukuma nje mashine ya kukatia nyasi, akavuta kamba yake mara tatu ndipo ikawaka. Haikuwahi kuwaka kwa mvuto wa kwanza wala wa pili katika miaka kumi na tisa. Mkewe, Verlene, alikuwa jikoni akikoroga uji mzito wa mahindi. Alisikia mvumo, akatazama dirishani, akaiona kofia ya mumewe ikipita nyuma ya maua, kisha akarudi kwenye sufuria kabla uji haujashika chini. Clement alikuwa amezikwa mwezi wa Machi.

Alikata nyasi kwa dakika arobaini na tano, akizungusha kona zote kama alivyokuwa akizungusha basi la shule kwa miaka thelathini na moja. Alipomaliza alizima mashine, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Verlene akamletea chai ya baridi yenye sukari ambayo daktari alikuwa amempigia marufuku. Marufuku hiyo ilikuwa imepitwa na wakati.

"Gari umeliwasha wiki hii?" Clement aliuliza.

"Nimeliwasha."

"Muongo mkubwa wewe."

"Jumatatu nitaliwasha. Mbona huniulizi kama nimekula?"

"Nakuona, bibie. Umekula."

Alikaa dakika kumi, kisha hakuwapo. Gilasi ilibaki tupu, na barafu ndani yake haijaanza kuyeyuka, ingawa fukuto la Florida asubuhi ile lilikuwa limeshawatoa jasho hata mijusi.

Verlene alikuwa ameshaelewa utaratibu wake. Aprili, nyasi zilipokuwa zikijivuta, Clement alikuja mara mbili tu. Mvua za Juni zilipoanza, akawa anakuja kila Jumamosi. Alikuja kwa ajili ya nyasi, na alipewa kupumzika kwa kadiri ya alichofanya. Verlene hakuona uchungu. Hata Clement alipokuwa hai, hakuna kingine kilichoweza kumtoa kitandani siku ya Jumamosi. Alianza kuzitia nyasi mbolea kwa siri na kuzimwagilia maji alfajiri, akatulia.

Barua ya Jumuiya ya Wenye Nyumba ilifika Julai. Katika mtaa wa Heron Glen, Jumuiya ndiyo iliyoamua rangi ya milango, aina ya nyasi, na kwamba nyasi hizo zisizidi inchi nne. Safari hii iliandika kwamba kazi ya uwanja ifanywe na mkazi mwenyewe au na fundi bustani aliyeidhinishwa, na kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zao Clement Askew hakuwa tena mkazi. Kumbukumbu hizo alizipeleka Verlene mwenyewe. Baada ya mazishi aliwatumia cheti cha kifo ili waache kuandika jina la marehemu juu ya bahasha, maana kila bahasha ilimchoma. Faini ilikuwa dola hamsini kwa siku. Zikirundikana, Jumuiya ilikuwa na haki ya kuidai nyumba.

Alikwenda kwenye mkutano. Mwenyekiti, Dale Pruitt, mstaafu aliyekuwa akiuza mabwawa ya kuogelea, alimvutia kiti.

"Bi Verlene, hakuna anayesema marehemu asije," alisema. "Aje, karibu sana. Wageni wanaruhusiwa hadi saa nne usiku. Ila mashine asiiguse. Ana bima?"

"Bima ya nini, Dale? Mtu ashakufa."

"Ndiyo hapo sasa. Akijikata mguu, nani atalipa?"

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja aliuliza kama mashine ya Clement ilikuwa na kelele kupita kiwango. Ikaonekana haina, likaandikwa hilo.

Basi Verlene akafanya kama wafanyavyo wote mtaani pale, akaita mafundi watatu waje kutaja bei. Wa kwanza hakushuka garini. Alitoa mkono dirishani, akapima unyevu wa hewa kwa vidole, akasema mia mbili na arobaini kwa mwezi. Wa pili alisema mia tatu na kumi, pamoja na magome mekundu ya kutandaza chini ya miti, ambayo Verlene hakuyataka na ambayo hayakuweza kuondolewa kwenye bei. Wa tatu alikuwa Heriberto Tzoc, mtu mfupi kutoka milima ya Guatemala. Huyo alipiga magoti uwanjani, akapitisha kiganja juu ya nyasi.

"Hizi zina mwenyewe," alisema.

"Mume wangu."

"Amekufa lini?"

"Machi."

"Kwetu wafu wanakuja Novemba tu, mara moja kwa mwaka. Wako anakuja kila wiki?" Alisimama, akajifuta magoti. "Mia na sitini. Nitakuja Ijumaa, mama. Ningeweza kukuwekea Jumatatu, zimkulie tena, lakini Jumuiya wanataka picha kila Ijumaa, na rula ikionekana."

Verlene alikubali kwa sababu hakuwa na la kufanya. Pensheni yake ya upishi wa shule ilitosha mia na sitini, ukiacha nyama ya Jumapili. Ijumaa Heriberto alikata nyasi vizuri sana, hata kona alizizungusha kwa heshima ya aliyemtangulia. Jumamosi saa mbili na dakika kumi mlango wa gereji haukufunguka. Verlene alikaa kwenye ngazi na gilasi mkononi hadi barafu ikaisha. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Ya tatu alilia, akijua wazi anachokililia: alikuwa akilipa kila mwezi ili mumewe asije.

Heriberto alimkuta Ijumaa na macho mekundu. Alizunguka nyumba, akarudi.

"Nyuma ya mashine ya kiyoyozi," alisema. "Picha haifiki pale. Ni mahali pa upana wa godoro. Nikisahau, nimesahau."

Akasahau. Kesho yake Clement akatoka gereji, akavuta kamba mara tatu, akaisukuma mashine hadi nyuma ya kiyoyozi. Kazi ilichukua dakika nne. Kwa dakika nne alipewa kukaa dakika moja, na nusu ya dakika hiyo iliishia kwenye kuinama ili aketi, maana magoti yake yalikuwa yaleyale.

"Gari umeli..." alianza.

"Nimeliwasha. Clement, una baridi? Unalala?"

Gilasi ilikuwa tupu.

Wiki tano waliishi hivyo. Verlene alikuwa akiandika maswali kwenye karatasi siku za kazi, akichagua moja tu la Jumamosi. Swali la tano alilichagua kwa siku tatu, halafu akalisahau alipomwona, akamshika mkono tu. Mkono ulikuwa wa kawaida, wenye kovu lile la mlango wa basi.

Baada ya hapo Clement alianza kubaki. Hakubaki kwenye ngazi, kwa sababu muda wake wa ngazi uliisha. Alibaki pembeni mwa barabara, mikono juu ya mpini wa mashine, akitazama nyasi fupi za watu, kama mtu aliyefika kazini akakuta lango limefungwa. Hapo ndipo Dale Pruitt alipomwona, akiwa kwenye kigari chake cha gofu. Alisimama. Walizungumza kidogo. Clement hakuwahi kumkatalia jirani jambo lolote alipokuwa hai, na kufa hakukumbadilisha tabia.

Jioni Dale alibisha hodi kwa Verlene akiwa na karatasi.

"Bwawa la maji ya mvua," alisema. "Ukingo wake wote ni ekari sita za kukatwa nyasi. Ile ni ardhi ya Jumuiya, kwa hiyo bima yetu inamlinda. Mzee mwenyewe yuko tayari, ila tunahitaji sahihi ya mjane. Na zile faini zako za Julai, tunazifuta."

"Mnamlipa?"

"Bi Verlene, atanunua nini?"

Verlene hakuwaza faini. Aliwaza ekari sita. Ikiwa uwanja wake mdogo ulimpa Clement dakika kumi za kukaa, ekari sita zingempa saa nzima na ushee. Saa nzima! Angemsomea maswali yote, juu hadi chini. Angempikia bamia. Alitia sahihi akiwa amesimama. Upande wa pili wa karatasi hakuugeuza. Huko iliandikwa kwamba mkata nyasi atapumzika kazi itakapokwisha.

Ilikuwa Septemba. Mvua ilinyesha kila siku saa tisa alasiri, na katikati ya mvua na mvua jua lilichemsha ardhi. Clement alianza kwenye bomba la maji machafu, akazunguka bwawa lote, na alipofika tena kwenye bomba nyasi za mwanzo zilikuwa zimeshavuka inchi nne. Akaendelea. Siku ya pili alikuwa bado anaendelea. Mashine haikuhitaji petroli, jambo ambalo mhasibu wa Jumuiya alilitaja kwa shukrani kwenye jarida la mwezi.

Verlene alimpelekea chai. Clement alimwona, akatabasamu, akainua kidole kimoja. Verlene alikifahamu kidole hicho kwa miaka arobaini na minne: nazungusha mara moja tu, nakuja. Verlene akangoja. Clement akapita tena, akainua kidole kilekile. Siku ya nne Verlene aliingia mbele yake, akabonyeza swichi. Mashine ikanyamaza, na papo hapo Clement hakuwapo. Akarudi baada ya saa mbili, upande wa pili wa bwawa, akivuta kamba. Jumatatu Verlene alipata barua: alikuwa amemwingilia fundi aliyeidhinishwa akiwa kazini. Dola mia.

Alimwendea Dale, akadai sahihi yake irudishwe. Dale alimsikiliza vizuri kabisa, akampa fomu ya kuomba fomu.

Ijumaa Heriberto alichelewa, na alikuja peke yake. Binamu yake, aliyekuwa akikata nyasi za bwawa, alikuwa ameachishwa.

"Hatuwezi kushindana na mtu asiyekula, mama," alisema. Hakuwa na hasira na yeyote aliyekuwapo. "Na mimi sasa itabidi iwe mia na tisini. Unisamehe."

"Nyuma ya kiyoyozi," Verlene alisema, "zikate tu. Hatakuja tena huku."

"Mtoe kule."

"Nimtoe vipi? Ningemkataza, angeniuliza majirani wamekosa nini."

Heriberto alizikata. Akaweka rula, akapiga picha.

Tangu hapo Verlene huenda bwawani kila asubuhi baada ya uji. Kiti hakiruhusiwi ukingoni, kwa hiyo hutembea. Hushika mwendo wa Clement, upande wa kushoto, mbali kidogo na majani yanayoruka, na karatasi ya maswali iko mfukoni ingawa mvumo ule haupitishi neno. Majirani huwapungia mkono. Wengine husema inapendeza kuona wazee wakifanya mazoezi pamoja.

Leo asubuhi, karibu na bomba, Clement aligeuza uso na kusema kitu. Midomo yake ilikwenda kwa muda mrefu kuliko kawaida, na mwishoni nyusi zilipanda, kwa hiyo lilikuwa swali. Verlene alisogea akatega sikio hadi shati la Clement likagusa nguo yake. Hakupata hata silabi moja. Clement alimtazama, akingoja, na mashine ikawavuta mbele.

"Ndiyo," Verlene alisema kwa sauti yote aliyokuwa nayo. "Ndiyo, Clement. Ndiyo."

Clement akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akainua kidole kimoja, na wakageuka kuanza upya.