Kadi Moja, Matumbo Mawili

Msumari, kama alivyoitwa kwa miaka arobaini ya useremala, hakuwa mwoga. Paa gani hajapanda! Lakini kitanda cha chumba cha picha pale hospitalini kilimtoa jasho. Kila miezi sita walimpima mshipa mkuu wa damu tumboni, uliokuwa umetanuka. Mara ya mwisho ulifika sentimita tano na nukta mbili. Ukifika tano na nusu, alishaambiwa, ni upasuaji. Na Msumari kisu hakitaki.

Basi akampa kadi yake mdogo wake, kinyozi, aliyefanana naye utadhani mapacha. "Kalale wewe. Nikimpelekea shemeji yako kipimo kidogo, nyumbani kutatulia." Kinyozi alicheka mpaka akakohoa, lakini kaka ni kaka. Akaingia.

Jamani, akili gani hii! Dakika kumi hazijaisha, yule dada wa kupima akachungulia mlangoni, Msumari alikokaa akisubiri, uso kaukunja.

"Mwenye kadi ni nani? Mshipa uliotanuka haurudi kuwa mdogo, mzee."

Msumari akaingia kichwa chini, kama mtoto aliyekutwa akiiba sukari. Mdogo wake bado kalala, jeli ya kipimo inamng'aa tumboni, hacheki tena.

"Kaka, na mimi ninao. Tatu na nukta nne."

"Haya mambo hutembea kwenye damu moja," dada akaeleza, ukali umemwishia. "Wako bado mdogo, tutaufuatilia tu. Afadhali umekuja, hata kama ni kwa uongo."

Moyo ulimuuma Msumari. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye alikuwa akimbeba mgongoni kwenda shule.

"Miaka minne unalala hapa peke yako?" kinyozi akauliza. "Mbona hukusema nikusindikize?"

"Nikuambie naogopa?"

"Basi mimi nakuambia. Naogopa, kaka. Na wewe ukikimbia, mimi nitakuwa mbele yako."

Loh! Msumari akavua shati. "Shuka, nipishe."

Akalala palepale, shuka bado lina joto la mdogo wake. Kinyozi akamshika mkono, naye akauacha ushikwe. Kifaa kikapita tumboni, kikarudi, kikatulia.

"Tano na nukta sita," dada akasema taratibu.

Msumari akaketi, akajifuta jeli.

"Haya, niandikie tarehe ya upasuaji," akasema. "Na huyu umwandikie aje siku hiyohiyo, aone nikiamka."