Mluzi wa Fortino Mbele ya Hakimu

Yule mkalimani sikumpenda tangu siku nilipomwona anakula. Alikuwa kwenye kibanda cha supu nyuma ya mahakama, kakaa meza moja na Don Amado, mtu yuleyule aliyemtia mume wangu ndani, na wanapeana chumvi. Nikajisemea, Apolonia, hapa pana jambo.

Nikamsimamia mbele ya bakuli lake.

"Unakula na nani?"

"Mama, mji huu una kibanda kimoja tu cha supu," akasema, mdomo umejaa. "Ulitaka nikae wapi, sakafuni?"

"Ukae na njaa."

Don Amado akacheka bila kuelewa kitu, maana miaka yote hiyo ananunua kahawa kwetu na hajui hata kusema karibu kwa lugha yetu. Mkalimani hakucheka. Jina lake Rutilio, anatoka bondeni, kwa Wamazateko wenzetu wa ziwani, wanaoongea kama wana kiazi cha moto mdomoni. Kihispania kinamtoka bila shida. Mtu kama huyo, anayeelewana na pande zote mbili, wewe utamwaminije?

Ghala la Don Amado liliungua msimu wa mavuno, mchana wenye ukungu. Siku chache kabla, Fortino wangu alikuwa amemwambia mbele za watu kwamba mizani yake ni mwizi kuliko mwenyewe. Basi moto ulipowaka, wa kwanza kutajwa akawa yeye. Wala hakuwa karibu na lile ghala! Alikuwa ng'ambo ya korongo, shambani kwetu, na kutoka kule mpaka ghalani mtu hutembea asubuhi nzima. Najua kwa sababu nilimsikia. Nilikuwa mtoni nafua, naye anaongea kwa mluzi na Crescencio, aliyemsimamia mwanetu ubatizo. Analalamika kwamba punda wa jirani kaingia kwenye mahindi. Wanaume wa kwetu huongea hivyo kutoka kilima hadi kilima. Si nyimbo, ni maneno kamili, matusi yakiwemo. Sisi wanawake tunaelewa yote ila hatupigi, tutaonekana hatuna adabu.

Lakini neno la mke, wakasema, halina uzito. Tukabaki na Crescencio peke yake. Yeye akiaminiwa, Fortino anarudi nyumbani. Asipoaminiwa, Fortino anapelekwa gereza kubwa la mjini, na atatoka huko watoto wameshaoa.

Wakati tunangoja kesi, Fortino alikaa mahabusu ya wilaya, na dirisha lake linatazama soko. Kila asubuhi nilifika na kikapu cha chapati za mahindi, askari akakipokea mlangoni, kuingia marufuku. Kisha nasimama sokoni na Crescencio. Mimi nampa maneno, yeye anayarusha juu kwa mluzi: nguruwe amezaa, mdogo ameng'oka jino, mama yako anakusalimu. Fortino naye anajibu kutoka dirishani. Askari walikuwa wanafurahi kweli.

"Kasuku wenu ameamka!" walipenda kuniambia. Nami nilielewa kwa ishara zao tu.

Siku ya ushahidi, hakimu akamwuliza Crescencio kama alimwona Fortino wakati moto unawaka. Rutilio akatafsiri huku na huku, nami namkodolea macho mdomoni.

"Sikumwona, mheshimiwa, kulikuwa na ukungu. Niliongea naye."

"Alikuwa wapi?"

"Ng'ambo ya korongo."

"Mliongeaje, basi?"

"Kwa mluzi."

Rutilio alipotafsiri hilo, chumba kizima kikacheka. Karani akacheka, Don Amado akapiga paja. Hata wakili aliyepewa Fortino na serikali, ambaye muda wote alikuwa anasinzia, aliamka akatabasamu. Hakimu akasema jambo fupi.

"Anasemaje?" nikamwuliza Rutilio.

"Anasema iandikwe kwamba shahidi alisikia mtu akipiga mluzi."

"Mtu? Mtu gani? Crescencio amesema mtu? Amesema Fortino! Wewe umewaambia nini?"

"Nimewaambia alichosema."

Wakatupa mapumziko. Nikamfuata Rutilio kwenye ujia, nikamkamata shati.

"Waambie kwamba mluzi wetu ni maneno. Waambie wajaribu wenyewe!"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Pale mlangoni palikuwa na askari wa mahabusu, anachokonoa meno.

"Mama Apolonia," akasema kwa sauti ya chini, "hilo liache. Waache wadhani ni ndege wanaimba."

"Kwa nini?"

"Mimi nimekula kiapo. Natafsiri tu, siruhusiwi kumshauri mtu wa upande wowote. Hata hapa nimeshavuka mpaka."

"Kiapo ulichokula ni supu ya Don Amado!"

Alinitazama kama ninayemtia aibu, akatoa shati lake mkononi mwangu polepole, akaenda. Sasa niambieni, ningefikiri nini? Mtu ananikataza kitu pekee kinachoweza kumwokoa mume wangu, na sababu hasemi! Niliona wazi kwamba amenunuliwa, tena kwa bei rahisi.

Tuliporudi ndani sikungoja kuitwa. Nikasimama nikasema kwa sauti: mheshimiwa, mpeleke mume wangu uani, mpe maneno yako mwenyewe, umwone Crescencio kama hataelewa. Nikamgeukia Rutilio.

"Haya, tafsiri. Neno kwa neno. Nakuangalia."

Alifumba macho kidogo, kisha akatafsiri. Nilijua kwamba ametafsiri sawasawa kwa sababu hakimu aliinua nyusi.

Huyo hakimu hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana hasira yangu mpaka leo haijui ikae wapi. Alipendezwa. Akamnong'oneza Rutilio jambo sikioni, Rutilio akatoka na Fortino na askari mmoja, mlango ukafungwa. Crescencio akabaki amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi. Halafu kule uani mluzi wa Fortino ukapanda, mimi nikaanza kucheka kabla ya wote maana nilishaelewa. Crescencio akakuna kichwa. Akaenda kwenye meza ya hakimu, akachukua miwani yake, akavuka chumba, akamvisha Don Amado. Kisha akafungua dirisha la pili, siyo la kwanza, akarudi mahali pake.

"Ndivyo ulivyoagiza?" karani akamwuliza hakimu kwa mikono, hata mimi nikaelewa.

Hakimu akaitikia kwa kichwa. Chumba kikalipuka! Mama zetu wa milimani waliokaa nyuma wakapiga makofi, mmoja akanirukia shingoni. Fortino akaingizwa pamoja na Rutilio, akaniona ninavyolia, akadhani tumeshindwa. Nikamwambia, "Umeshinda, mjinga wewe!" Nikamtazama Rutilio, nimkomoe kwa macho. Alikuwa anaangalia sakafu.

Hapo ndipo mwendesha mashtaka, mama mmoja aliyekaa karibu na Don Amado, akasimama. Yeye hakuwa amecheka hata kidogo. Akamwita askari wa mahabusu.

"Mshtakiwa huyu hupiga mluzi huko ndani?"

"Kila asubuhi, mheshimiwa," askari akajibu, tena kwa fahari. "Pale dirishani. Na sokoni kuna mwenzake anamjibu."

"Mwenzake yupi?"

Askari akamwonyesha Crescencio kwa kidole.

Rutilio alitafsiri yote hayo bila kupandisha sauti. Crescencio akaanza kupaliwa na maneno.

"Yalikuwa mambo ya nyumbani, mheshimiwa! Nguruwe, jino la mtoto! Shemeji ndiye aliyekuwa ananipa!"

"Mke wa mshtakiwa," mwendesha mashtaka akasema, na akakaa.

Hakimu akarudishiwa miwani yake, akaisafisha kwa muda mrefu. Akasema ameridhika kabisa kwamba mluzi wa watu wa milimani ni lugha. Na kwa kuwa ni lugha, basi mshtakiwa amekuwa akiongea na shahidi wake kila siku chini ya pua ya serikali, na ushahidi huo hauwezi kupokelewa. Walipokuwa wanatuita kasuku tulikuwa salama. Tulipogeuka watu, tukawa na hatia.

Nilimkuta Rutilio kwenye ngazi.

"Ulijua."

"Nilikuambia uache."

"Hukuniambia kwa nini! Na yule mama, nani aliyemtia maneno hayo kichwani?"

"Si mimi."

"Apa."

Hakuapa. Alivaa kofia akaondoka, na mpaka leo sijui kama alinionea huruma au aliniuza. Nikiamka asubuhi naamini hili, jioni naamini lile.

Fortino yuko gereza kubwa sasa. Ukutani wamebandika tangazo jipya, nikamwomba mtu anisomee: mluzi marufuku, na katika chumba cha wageni watu waongee Kihispania tu, ili walinzi waelewe. Mara ya kwanza kumtembelea, mlinzi alivuta kiti akakaa katikati yetu. Kihispania chetu, mimi na Fortino, ni kile cha gulioni. Hatuna kingine.

"Habari za asubuhi, bwana," nikamwambia.

"Habari za asubuhi, mama."

Nikamtazama. Amekonda, mashavu yameingia ndani. Nilitaka kumwambia kwamba usiku nalala upande wake wa kitanda.

"Maharage?" akaniuliza.

"Maharage mazuri. Mengi."

"Nguruwe?"

"Ameuzwa."

Akaitikia kwa kichwa, anangoja. Nikatafuta neno kichwani, nikageuza kila kitu ninachojua kununua na kuuza, sikulipata.

"Ghali," nikasema. "Ghali sana, bwana."

Fortino akauma mdomo, machozi yanamtoka, mlinzi anatutazama bila kuona kosa.

"Punguza kidogo, mama," akasema. "Punguza kidogo."