Mpira wa Kuhesabia Magari

Tik.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Kwa sauti hiyo tu, gizani, Gladness alijua mama mkwe wake, Mama Ndelilio, ameingia na ndoo ya maji, akakanyaga mpira mrefu kama bomba uliolazwa mlangoni.

"Nyoka wako huyu ataniua," alisema Mama Ndelilio. "Mwanangu aende kwa gari, mimi niende kwa mpira?"

"Pole, mama. Nakaza skrubu. Ukikanyaga tena hautalia. Huu ni wa magari tu."

Calvin, mume wa Gladness, aligongwa na gari akafa Kiboriloni siku ya gulio, akisukuma mkokoteni wa ndizi. Kwenye ofisi ya barabara mjane akaambiwa matuta ya kupunguza mwendo hayawekwi kwa machozi. Alete hesabu ya magari. Ndipo, kwa elimu yake ya masomo ya jioni ya ufundi, alipobuni kifaa hiki cha betri: gurudumu likikanyaga mpira, hewa inasukuma swichi, namba nyekundu inapanda. Mwalimu wake, Antoni, alimsifu sana, akamwonya jambo moja: miguu ya watu isiingie, itachafua hesabu.

Siku ya gulio wakaulaza barabarani. Lori likapita, tik tik. Bodaboda, tik tik. Gladness alikuwa ameanza kutabasamu alipotokea mzee na mkokoteni uliosheheni mikungu ya ndizi. Magurudumu yakaupanda mpira taratibu, yakashuka. Kimya.

"Mbona huyo hakuhesabiwa?" Mama Ndelilio aliuliza.

"Anakwenda polepole, mama, na skrubu nimeikaza. Mashine haimsikii."

"Kwa hiyo hata Calvin angepita hapa, isingemsikia."

 Gladness aliinama akawa anakaza waya ambao haukuwa umelegea.

Aliporudi nyumbani aliiona akilini picha atakayowapelekea wale wa ofisini: magari tele, na mbele ya magari hayo hakuna mtu. Akachukua mpira mwembamba wa kumwagilia mboga, akaufungia swichi na namba zake, skrubu akailegeza kabisa ili hata mguu usikike. Huu utalazwa pembeni, pale watu wanapovukia. Atapeleka hesabu zote mbili. Wakikataa, basi wakatae zote mbili huku wanamtazama usoni.

Akaulaza mlangoni ili aujaribu. Binti yake Aikaeli akaingia peku kutoka uani, ndala moja mkononi.

Tik.

Mtoto akachuchumaa, akaitazama ile namba nyekundu.

"Mama, na mimi nimehesabiwa."