Ligi ya Marehemu

Mzee Abdulghafur alikuwa amekwenda Houston kupeleleza mchumba, na hadi Jumamosi adhuhuri upelelezi ulikuwa umekwenda vizuri mno, vizuri hata ukamtia wasiwasi. Kijana anasali? Anasali. Mama yake anajulikana? Anajulikana, watu wa Unguja mjini, watu na heshima zao. Kazi? Anapiga picha za eksirei hospitalini. Mirungi? Hagusi. Hasira? Hana, labda akikwama kwenye foleni ya magari, na huko nani hana?

Aliyekuwa akimjibu ni Ubeid, rafiki yake tangu walipokuwa wageni katika nchi hii, Mzanzibari mwenye duka la nyama na viungo kusini-magharibi mwa jiji. Ubeid ni mtu wa kuwajua watu wote na kuwasema nusu yao. Akikuambia fulani ni mwema, basi ujue amemtafutia dosari akaikosa.

Mchumba aliyekuwa akipelelezwa ni Riyadh, na anayetakiwa kuposwa ni Nahla, binti wa marehemu kaka yake Abdulghafur. Alimlea nyumbani kwake Arlington tangu hajang'oka meno ya utotoni. Sasa Nahla ni mfamasia, mtu mzima na gari lake, lakini mle ndani ya nyumba sauti yake huisikii mpaka umuulize kitu. Ukimuuliza atakujibu kwa adabu, atatoa vyombo, atarudi chumbani. Majirani humsifu. Abdulghafur naye alijisifu kimoyomoyo kwamba malezi yale ni kazi ya mikono yake na ya mkewe, Mwatime.

Kwa kuwa baba hayupo, ami ndiye walii. Neno lake ndilo litakalofungua mlango au kuufunga, na Nahla alikwisha kumwambia, macho chini, "Ukisema hapana, ami, mimi nitaitikia." Maneno hayo ndiyo yaliyomkosesha usingizi. Angegombana, angelia, angenuna siku mbili tatu, mzee angejua jambo lina uzito gani. Lakini kuitikia tu! Akikosea kusema ndiyo, amemtupa yatima. Akikosea kusema hapana, binti atainamisha kichwa maisha yake yote, na hakuna atakayejua. Basi akaendesha gari mwenyewe kutoka Arlington hadi Houston, bila kumwaga siri kwa yeyote isipokuwa Mwatime.

"Lipo jambo moja tu," Ubeid akasema, akifunga duka. "Kila Jumamosi mchana kijana hucheza."

"Hucheza nini?"

"Wallahi mimi sijui. Nimekwisha kumuuliza mara mbili, akanieleza mara mbili, nikatoka mjinga vilevile. Twende ukaone mwenyewe. Nitasema wewe ni ndugu yangu unapita."

Riyadh aliwapokea kwa mikono miwili. Kijana mrefu, miwani, kanzu ya nyumbani, nyumba inanukia udi. Akaleta chai ya tangawizi na halua, akawakalisha kwenye makochi, akaomba radhi kwamba wamemkuta katikati ya shughuli na haiwezi kusimama kwa kuwa leo ndiyo fainali. Wasione vibaya. Abdulghafur akasema hawaoni vibaya, kisha akageuza macho kutazama hiyo shughuli.

Juu ya meza ya kulia palikuwa na kadi zilizopangwa safu mbili. Kila kadi ina jina la mtu, mwaka, na tarakimu tele toka juu hadi chini. Kando ya kadi, dadu tatu, moja nyeupe na mbili nyekundu. Bibi wa Kizungu mwenye mvi, Charlotte, muuguzi mstaafu aliyewahi kufanya kazi na Riyadh, alikuwa ameketi kwenye kona ya meza na penseli sikioni. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye bakuli la sukari. Riyadh akaziokota dadu, akazitikisa kiganjani, akazirusha, akazisoma, kisha akachukua kadi moja akaitazama kwa makini.

Ramli! Mzee hakuhitaji kuambiwa. Mezani kuna tarakimu, kuna majina ya watu na mwaka wa kila mmoja, na bibi kizee aliyekuja kutazamiwa nyota yake ndiye yule pale na penseli. Alimwangalia Ubeid, Ubeid akawa anamega halua.

"Hawa watu kwenye kadi ni akina nani?" akauliza.

"Wachezaji wa besiboli, mzee," Riyadh akasema kwa furaha. "Hawa wangu ni mabingwa wa New York wa mwaka 1927."

"Wako wapi sasa?"

"Wamekufa. Wote."

"Innalillahi," akasema Abdulghafur.

"Zamani sana! Lakini leo wako fiti, mashaallah. Hebu ona, huyu keshapiga mbili nje ya uwanja." Akaipiga kadi kidole kwa mapenzi, kama mtu anayemsifu mwanawe.

Hapo mzee akachanganyikiwa kabisa. Mpiga ramli hasemi mashaallah. Na wale wa upande wa pili wa meza ni nani? Riyadh akamwambia hao ni mabingwa wa Arlington wa mwaka 2023. Abdulghafur akakumbuka kelele za mwaka ule, foleni za magari mtaani kwake, watu wamevaa fulana za buluu hadi msikitini. Hao hawajafa! Wamo, wanakula mishahara. Sasa maiti anampigaje mpira aliye hai, na aliye hai anakubalije?

"Ni ligi, mzee. Tuko mameneja wanane, kila mmoja ana timu iliyowahi kuwa bingwa, ya mwaka wowote. Kadi inakuambia mtu alikuwa hodari kiasi gani mwaka ule. Dadu ndiyo bahati ya siku. Kompyuta pia inaweza, lakini sisi tunapenda mkono."

"Na pesa mnaweka?"

"Haramu! Mshindi anapata kikombe cha plastiki."

Kwa hiyo si ramli, na si kamari. Basi ni nini? Watu wazima wanane, wenye kazi zao, wanawatoa wafu makaburini ili wapate kikombe cha plastiki. Usilolijua ni usiku wa giza, na Abdulghafur alikuwa gizani mchana kweupe, kikombe cha chai mkononi. Nyumbani kwake dadu haijapata kuvuka kizingiti, hata ya watoto. Angemwambia nini Mwatime? Kijana ni mzuri, lakini anafuga marehemu?

"Meneja, umerudi? Umeshiba maji?" Riyadh akaiambia simu. "Tunaendelea."

"Wewe ndiye unayechelewesha makusudi!" simu ikajibu. Sauti ya mwanamke, kali, ya kicheko. "Mrushaji wako kachoka. Mzee wa watu ana miaka mia na ushei, mpumzishe! Unamtesa!"

Charlotte akacheka bila kujua Kiswahili. Riyadh akacheka. Ubeid akaacha kutafuna. Abdulghafur hakucheka wala hakutafuna, kwa sababu sauti ile aliijua na hakuijua. Ilikuwa ya Nahla. Lakini Nahla hapigi kelele. Nahla hamkatizi mtu maneno. Huyu wa simuni alikuwa akidai, akitania, akiimba kidogo dadu ziliporushwa, akisema "Weee! Nisomee tena, nisomee polepole nisikie utamu!"

Hasira ilimpanda kwanza, tusidanganyane. Kumbe ndicho hiki kile kikundi cha mtandaoni ambacho Nahla alisema ndimo alimojuana na kijana! Yeye na Mwatime walidhani ni darsa. Alitaka kusimama, lakini angesimama angesema nini, naye ni ndugu wa Ubeid anayepita? Akabaki palepale, jasho linamtoka ndani ya nyumba yenye kipoza hewa, akiwaza huyo mwanamke ni nani na yule wa nyumbani kwake ni nani.

Akiwa hajui la kufanya, akafanya alilokuja kulifanya. Alipeleleza. Nahla haoni meza hii, akawaza. Dadu zote zinarushwa na Riyadh, zake na za Nahla, naye kule anaamini anachoambiwa. Basi mzee akazikodolea macho. Zikianguka vibaya kwa Nahla, kijana alisema. Zikianguka vibaya kwake mwenyewe, alisema vilevile, akashika kichwa, akasema "Ah, nimekwisha!" na akaandika. Angeweza kudanganya mara nyingi kama angetaka. Hilo Abdulghafur alilielewa, na mle chumbani ndilo pekee alilolielewa.

Mchezo ukafika mwisho. Timu zimelingana, Nahla ndiye anayepiga, na mtu wake mmoja anahitaji kusogea kidogo tu afike kituo cha mwisho na kuupata ushindi. Kwenye simu palikuwa kimya, pumzi tu. Riyadh akatikisa dadu, akarusha. Zile nyekundu mbili zikatulia mezani. Nyeupe ikaruka, ikapiga bakuli la sukari, ikadondoka chini na kubingirika hadi mguuni pa Abdulghafur.

"Usiiguse, mzee!" Riyadh akapaza sauti. "Sheria ya ligi, husomwa palepale ilipoangukia. Moja mpaka tatu, tunasoma kadi ya mpigaji. Nne mpaka sita, ya mrushaji wangu. Isome tu, tafadhali."

Mzee akainama. Ni yeye peke yake aliyekuwa akiiona. Na alijua vizuri kwamba akifungua mdomo, Nahla atamtambua. Angeweza kumwashiria Ubeid. Angeweza kuonyesha kwa vidole. Lakini kule kwenye simu binti alikuwa akingoja, haoni chochote, na aliyepewa amana ya kuona kwa niaba yake ni yeye.

"Tatu," akasema.

Hata zile pumzi zikakatika.

"Ami?"

"Naam."

"Shikamoo, ami," ikasema ile sauti ya nyumbani, ndogo, iliyoinamisha kichwa. Yule mwanamke mwingine alikuwa ametoweka kama taa iliyozimwa.

"Marahaba."

Riyadh alikuwa amesimama, miwani imemkaa upande, anamtazama mgeni wake, anamtazama Ubeid, na Ubeid anatazama dari. Charlotte peke yake, asiyejua lolote ila tarakimu za Kiswahili, aliinama juu ya kadi ya mpigaji, akapitisha penseli hadi kwenye mstari wake, kisha akaingoja midomo ya wenzake ifunguke.

"Nimeharibu?" Abdulghafur akauliza.

"Hapana, ami," Riyadh akasema, na ulimi ukamsaliti, maana haki ya kumwita hivyo hakuwa ameipata bado. "Ameshinda. Nahla ameshinda ubingwa."

Wakangoja. Kwenye simu hakuna mtu aliyepiga kelele. Hakuna aliyesema weee.

"Nahla," mzee akaita. "Uko wapi?"

"Niko kwenye gari, ami."

"Gari liko wapi?"

"Nje ya maktaba."

Jumamosi mchana Nahla huenda maktaba. Miaka yote hiyo yeye na Mwatime wamekuwa wakimwombea dua kwa bidii yake ya kusoma. Kumbe mtoto huenda kuegesha gari, akafunga vioo, akacheka mle ndani peke yake, kisha akarudi nyumbani na adabu zake. Yeye, mlezi, hakumkataza kucheka hata siku moja. Alitafuta siku hiyo kichwani, siku aliyomkataza, apate walau kujua kosa lake. Hakuiona. Moyo ulimuuma kwa namna asiyoijua dawa yake.

Alitaka kusema, cheka mama, hapana ubaya. Lakini amri ya kucheka haijawahi kumchekesha mtu, hilo hata yeye alilijua. Akaweka kikombe chini.

"Hongera," akasema. "Mimi nimo njiani natoka. Naagana na wenzangu hapa. Zungumzeni mambo yenu ya mpira."

Akatoka, Ubeid nyuma yake. Akaufunga mlango kwa sauti, makusudi, ili simu isikie. Jua la Houston likawapiga usoni. Akaanza kushuka ngazi, akasita, mkono kwenye chuma chenye moto.

"Sasa?" Ubeid akanong'ona. "Umeelewa ule mchezo? Ni halali au si halali?"

"Sijaelewa kitu."

"Basi utawaambia nini?"

Abdulghafur alimnyamazisha kwa kidole. Gari likapita, mbwa akabweka. Halafu ukaja, kupitia mlango na kupitia simu, ukelele mwembamba wa mtu anayeruka ndani ya gari lililofungwa vioo, na kicheko kikiufuata, hakimaliziki.

"Waambie walete posa," mzee akasema, akafuta uso kwa mkono wa shati na kushuka ngazi.